Kesi ya Dereva Mlevi: Jinsi ya Kuipata Hukumu Mahakamani

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mchicha, migomba, kuku na ng'ombe wa maziwa. Sikusomea sheria. Lakini bwana shamba wa pembezoni mwa Dar es Salaam huitwa kwa mambo mengi. Watu wakikuona una kalamu mfukoni, basi wewe ndiye mwandishi wa barua zao zote.

Mwaka 2024 alinijia mama mmoja wa Toangoma, wilaya ya Temeke. Jina lake naliacha. Analima mchicha na matembele katika bonde la mto Mzinga. Mwaka uliotangulia, jioni moja, alikuwa kando ya barabara ya Kilwa karibu na Kongowe. Alikuwa na tenga la mchicha kichwani. Gari dogo la mizigo likaacha njia, likamgonga. Mguu wa kulia ukavunjika mara mbili. Watu waliofika pale walisema dereva alinuka pombe na hakuweza kusimama vizuri. Polisi walimchukua.

Mama alilala hospitali, kisha nyumbani. Shamba likaota magugu. Baadaye akasikia kwamba dereva amepelekwa mahakamani, amelipa faini, kesi imekwisha. Yeye hakuitwa. Mtoto wake alipokwenda kwenye kampuni ya bima ya lile gari kudai fidia, aliambiwa: "Tuletee hukumu ya mahakama."

"Bwana shamba," mama aliniuliza, "hukumu ya mtu mwingine mimi nitapewaje?"

Swali lake lilikuwa zuri. Nami sikuwa na jibu. Tukaanza kulitafuta.

MAHAKAMA NI YA WAZI

Kwanza tufahamu jambo hili. Kesi ya jinai husikilizwa hadharani. Mtu yeyote anaweza kuingia, akakaa kimya kwenye benchi na kusikiliza. Yanayosemwa huandikwa, na maandishi hayo hutunzwa katika jalada. Jalada ni faili la kesi. Chumba cha kutunzia majalada huitwa masjala, na anayeshughulika nayo ni karani wa mahakama.

Wako watu ambao kesi zao hazisikilizwi hadharani, kama watoto. Lakini dereva mtu mzima aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa hana pazia. Mwenye haja ya kweli anaweza kuomba kuliona jalada, au kuomba nakala ya hukumu.

Hata hivyo, kesi hupatikana kwa namba. Hapo ndipo tulipokwama siku ya kwanza.

Tulifika katika mahakama moja ya wilaya saa mbili asubuhi. Tulimwamkia karani, tukaeleza shida yetu. Akauliza: "Kesi namba ngapi?" Hatukuwa nayo. "Jina la mshtakiwa?" Mama alijua jina moja tu, tena la utani, alilolisikia kwa watu wa kijiweni. "Ilifunguliwa lini?" Tukataja tarehe ya ajali. Karani akafungua rejesta, akapekua, akafunga. Hakuna.

Ni kama kumtafuta kuku wako sokoni Kariakoo kwa kusema ni mwekundu.

Tulikuwa na makosa mawili. La kwanza, tarehe ya ajali si tarehe ya kesi. Polisi hupeleleza kwanza. Kesi inaweza kufunguliwa wiki au miezi baadaye, na rejesta hufuata tarehe ya kufunguliwa. La pili, hatukuwa na hakika kwamba mahakama ile ndiyo yenyewe.

WILAYA ZIMEGAWANYWA

Kosa hili la pili linawapata watu wengi, kwa hiyo nitalieleza kidogo. Sisi wa zamani tulizoea Dar es Salaam ya wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Ukiwa Mbezi ulisema uko Kinondoni. Ukiwa Kibada au Mjimwema ulisema uko Temeke. Mambo yalibadilika miaka ya 2015 na 2016. Kinondoni ikagawanywa ikapatikana Ubungo. Temeke ikagawanywa ikapatikana Kigamboni. Kwa hiyo Kimara, Mbezi na Kibamba ziko Ubungo. Tegeta na Bunju zimebaki Kinondoni. Mbagala, Chamazi na Toangoma zimebaki Temeke.

Kule Kongowe mambo ni magumu zaidi. Ukifuata barabara ya kushoto unaelekea Kigamboni. Ukiendelea mbele na barabara ya Kilwa, mara uko Vikindu, wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani. Ajali ikitokea hapo, watu watatu watakutajia wilaya tatu.

Lipo na jambo la Temeke. Tangu mwaka 2021 pana Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mambo ya ndoa, familia na mirathi. Ukiona jengo hilo usidhani kila kesi ya Temeke imo humo. Kesi ya gari si ya mirathi.

Basi dawa ni nini? Rudi polisi, katika kituo kilichopokea taarifa ya ajali. Mama alikuwa na kikaratasi cha RB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha polisi. Alikuwa amekihifadhi ndani ya kopo la mbegu. Alikuwa pia na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi anayopewa majeruhi ili atibiwe. Kwa vikaratasi hivyo viwili askari wa usalama barabarani alilifungua faili lake. Akatuandikia mambo matatu: jina kamili la mshtakiwa, mahakama alikopelekwa na namba ya kesi. Ilichukua robo saa.

Tungeanzia huko tungeokoa nauli ya siku nzima.

Kesi za zamani za magari zilikuwa na namba fupi na mwaka wake, zikiitwa kesi za trafiki. Za miaka ya karibuni zina namba ndefu inayotolewa na kompyuta. Iandike tarakimu moja moja. Ukikosea moja umeomba jalada la mtu mwingine.

BARUA NA MALIPO

Katika mahakama sahihi tulielekezwa kuandika barua kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi, yaani hakimu anayesimamia mahakama ile. Niliiandika kwa mkono, juu ya goti langu:

"Mimi ni majeruhi wa ajali katika kesi iliyotajwa hapo juu. Naomba nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu, iliyothibitishwa kwa mhuri wa mahakama. Nazihitaji kwa ajili ya madai ya bima. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho changu, RB na PF3."

Juu tuliweka namba ya kesi na jina la mshtakiwa. Chini mama akatia sahihi mwenyewe. Tulifanya nakala ya barua, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, nayo akabaki nayo.

Mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu yake hupewa bure. Mtu mwingine hutozwa ada. Malipo ya serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Usimpe mtu fedha mkononi. Akikuomba "ya soda" ili jalada lionekane, namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure.

Wako wanaosema mambo yote haya yamo kwenye simu. Ni kweli kwa sehemu. Mahakama ya Tanzania ina maktaba ya hukumu kwenye intaneti iitwayo TanzLII. Kuisoma ni bure. Mtoto wako mwenye simu kubwa anaweza kutafuta humo kwa jina la mshtakiwa. Lakini zilizojaa humo ni hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Dereva aliyekiri kosa mbele ya hakimu wa wilaya, akalipa faini na kwenda zake, kwa kawaida hutamkuta humo. Labda awe amekata rufaa. Yeye utampata masjala.

Pia usichanganye hukumu na deni la trafiki. Polisi wana mfumo ambao ukiingiza namba ya gari unaona faini za papo kwa papo zinazodaiwa. Faini hizo hazikupitia kwa hakimu. Hazikupi hukumu.

KWA NINI NENO "ULEVI" LINAWEZA KUKOSEKANA

Baada ya siku chache mama alipewa nakala. Ilikuwa kwa Kiswahili. Jambo hili lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwa miaka mingi hukumu za mahakama za juu ya ile ya mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani baada ya jaji huyo kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mama yule alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Aliishika hukumu yake, akasoma mwenyewe kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari.

Alipofika mwisho alikasirika. "Mbona pombe haimo?"

Kweli haikuwemo. Dereva alishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha. Alikiri, akatiwa hatiani, akatozwa faini. Neno ulevi halikuandikwa popote.

Nilimweleza nilivyoelewa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari ukiwa umelewa. Imeweka na kipimo: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Harufu ya mdomoni peke yake ni ushahidi mwepesi. Polisi hutumia kifaa cha kupulizia, au damu hupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sasa angalia saa. Mwili hupunguza kilevi kidogo kidogo, kiasi cha miligramu 10 hadi 20 kwa kila saa katika kipimo hicho. Tuchukue mfano wa dereva mwenye 120 saa mbili usiku. Akipimwa saa hiyohiyo amezidi sana. Akipimwa saa sita usiku, zimepita saa nne. Huenda amebaki na 60. Kwa kipimo hicho sheria haimshiki tena, ingawa alipomgonga mtu alikuwa amelewa. Hapo mwendesha mashtaka huchagua kosa analoweza kulithibitisha, nalo ni uzembe.

Kwa hiyo anayetaka kujua madereva walevi wangapi wamefikishwa mahakamani katika wilaya yake asihesabu mashtaka ya ulevi peke yake. Atapata wachache kuliko waliokuwepo. Asome na maelezo ya kosa katika majalada ya uzembe. Wakati mwingine pombe imejificha humo, katika maneno ya shahidi.

Kwa mama, uzembe ulitosha. Sheria inataka kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni yule aliyeumizwa ambaye si mwenye gari wala si kampuni. Kampuni ilitaka kuona kwamba dereva wao ametiwa hatiani, na karatasi ilisema hivyo. Kama hujui gari limekatiwa bima wapi, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki kwa namba ya gari. Usikae sana. Kufungua shauri la madai kwa madhara kama haya kuna ukomo wa miaka 3.

Nitoe na tahadhari moja. Siku ile kijana wa mama alitaka kuipiga picha hukumu na kuitupa kwenye kundi la simu la mtaa, "ili watu wamjue". Nilimzuia. Hukumu ni ya wazi, lakini ina majina ya watu, makazi yao na umri wao. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tena mama aliitafuta karatasi ile kwa ajili ya mguu wake.

JINA LILIPOKOSEWA

Tulidhani tumemaliza. Wiki mbili baadaye kampuni ikairudisha karatasi. Katika hukumu jina la pili la mama liliandikwa kwa herufi moja tofauti na lililo kwenye kitambulisho cha taifa. Polisi walipoandika maelezo, mama alikuwa kitandani na mtoto wa jirani ndiye aliyetaja jina. Herufi hiyo ikasafiri kutoka polisi hadi mahakamani.

Mama alikwenda kwa wakili, akala kiapo cha majina kwamba majina yote mawili ni yake. Siku hizi ninapomwandikia mtu fomu, hata ya mbolea, ninamwomba kwanza kitambulisho.

Kampuni ilipokea kiapo na hukumu kwa pamoja, ikampa barua ya kuthibitisha kupokea. Barua hiyo niliiona wiki iliyofuata nilipopita bondeni. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya lile kopo la mbegu, pamoja na RB na PF3. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, anapalilia kwa mkono tuta lililo karibu naye. Matuta ya mbali alikuwa amemkodisha jirani.

"Shauri la karatasi tumelifikisha," aliniambia. "Sasa njoo utazame huku. Majani yana matobo."

Walikuwa viwavi.