Saratani Haishindwi na Jicho Moja

Picha ya adui haina faida iwapo itabaki mkononi mwa aliyeipiga. Mpelelezi hana budi kuifikisha kwa mchora ramani, mchora ramani aifikishe kwa kamanda, naye kamanda atoe amri ambayo watu wa ugavi waweza kuitimiza. Kiungo kimoja kikikatika, kikosi kizima huenda gizani. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala vita vya kuisaka saratani, na hapa Kampala tunayo historia ya kuithibitisha.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Dakta Hugh Trowell, amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu alimkuta mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Burkitt alikuwa na jicho moja tu, kwani la pili lilipotea utotoni. Tena aliwahi kuvaa sare kama sisi: wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, akahudumu Kenya na Somalia.

Burkitt alifanya kazi ya mpelelezi hodari. Aliwapiga picha wagonjwa, akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama uvimbe huo umeonekana huko, na majibu akayatia kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari muda wa majuma kumi, yapata maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakikagua hospitali moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, ramani ile isingesema neno bila macho ya wengine. Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alitambua kuwa mipaka ya ugonjwa inafuata joto la nchi. Wapimaji wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, walichunguza vipande vya nyama na kumbukumbu za wagonjwa, ikabainika kuwa hiyo ni saratani ya limfu. Vipande vingine vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo yajulikana kwamba malaria nayo humfungulia njia.

Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya Dakta John Ziegler. Hapo ndipo yalipozaliwa yale ambayo sasa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Wamarekani walipoondoka, Dakta Charles Olweny, mwana wa nchi hii, alishika uongozi na kazi haikusimama. Alikuwa amekwisha kufunzwa kazini. Naye aliyeandaa mrithi mapema hapotezi ngome.

Uratibu wa kituo cha namna hii ni kazi ngumu kuliko ununuzi wa mitambo. Mpiga eksirei, msomaji wa picha, mpimaji wa maabara, mpasuaji, mganga wa dawa, mtaalamu wa mionzi na karani wa kumbukumbu kila mmoja ana lugha yake. Mkuu wa kituo huwakutanisha juu ya faili moja, ili picha ya mgonjwa na kipande chake visomwe pamoja kabla ya tiba kuamuliwa. Aidha humpasa kuwa na fundi na akiba. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini, iliyokuwa kazini tangu 1995, iliharibika kabisa. Kulikuwa na madaktari, na wagonjwa wakazidi kufika, lakini tiba ya mionzi ikakosekana Uganda nzima. Baadhi yao walipelekwa Nairobi, hadi mashine mpya ilipofungwa mwaka 2017.

Ndugu askari, nasi tu viungo katika mnyororo huo. Uvimbe usioisha, jeraha lisilopona, damu isiyo na sababu au taya la mtoto linalovimba ni taarifa ya kupeleka kwa mganga wa kikosi siku hiyo hiyo. Ukipewa picha na barua ya kwenda Mulago, zitunze kama uitunzavyo silaha yako, na uende. Nawe kamanda, mpe ruhusa bila kumzungusha. Adui aliyeonekana mapema hupigwa akiwa bado mdogo.