Pumba za mahindi: kuku wanatuzidi akili?

Wadau, mnajua kwamba kuku wa mayai wa Kibaha wanapata madini kuliko sisi tunaokula mayai yao? Sio utani. Pita kwenye mashine ya kukoboa na kusaga, iwe Maili Moja au Kisarawe mjini, utakuta magunia ya pumba yanasubiri wafugaji. Kwenye hizo pumba ndiko kwenye sehemu kubwa ya chuma na zinki ya mahindi. Sisi tunabeba sembe, nyeupe pee, tunaondoka tunafurahi.

Madini yanafikaje huko? Chuma udongoni kipo kibao. Ukiona udongo mwekundu, ujue ni chuma hicho hicho kimeshika kutu. Shida ni kwamba hakiyeyuki kirahisi, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Mimea ya jamii ya nyasi kama mahindi, mpunga na ngano ina ujanja wake: mizizi inatoa asidi fulani zinazokibana chuma kama koleo, halafu mzizi unavuta koleo na chuma pamoja. Mjapani mmoja, Takagi, aliandika habari hii mwaka 1976 baada ya kuchunguza maji yaliyooshea mizizi ya mpunga. Mimi baiolojia nilisoma mpaka fomu foo na hili sikulisikia!

Zinki nayo mzizi unaivuta, ila sharti iwepo. Kwetu Pwani mchanga ni mwingi, na mchanga haushiki madini, mvua zikipiga yanazama. Urea na DAP tunazomwaga shambani hazina zinki. Na kwenye mpunga wa bondeni, shamba likituama maji muda mrefu, chuma kinayeyuka lakini zinki inazidi kufungwa.

Baada ya hapo yanapanda na maji hadi kwenye majani. Punje zikianza kujaa, majani yanayozeeka yanatoa sehemu ya akiba yao na kuipeleka kwenye mbegu. Hapa ndio penyewe: hayagawanywi sawa. Mmea hauna habari na ugali wako, unamwekea akiba mtoto wake. Kwa hiyo mengi yanakaa kwenye kiini na kwenye utando mwembamba chini ya ganda. Ile nyeupe ya katikati karibu yote ni wanga. Sasa mashine ya kukoboa inaondoa nini? Ganda, utando na kiini. Mnh!

Na hili sio la kucheka. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo, lakini chakula nacho kimo.

Kuna watakaosema sembe inaongezwa madini kiwandani. Kweli, kanuni zilitoka mwaka 2011. Ila mashine nyingi za mtaani, zile unazopeleka debe lako, hazina kifaa cha kuchanganyia.

Basi dona? Ndiyo, ila sio kirahisi hivyo. Mmea umeifunga akiba yake kwa kitu kinaitwa fitati, na tumbo la mtu haliwezi kuifungua vizuri, madini mengi yanapita tu. Mbegu ikichipua inatengeneza kimeng'enya cha kuifungua yenyewe. Ndio maana kimea kinasaidia, na kuchachusha pia, na ndio maana mimi togwa naiheshimu, bibi zetu walikuwa wanafungua fitati bila maabara. Embe au limao kwenye mlo linasaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi juu ya ugali inakizuia.

Halafu mahindi ya dona yakauke kweli kweli. Kukoboa kunapunguza sumukuvu, dona inabaki nayo yote, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara.

Wale wa Maneromango na Mzenga, huko mnakoboa au mnasaga dona? Na pumba mnamwachia nani?