Ramani ndiyo saa ya mchezo

Anayengoja mzigo Busia, au lori lake Malaba wilayani Tororo, huenda akatoa simu na kufungua mchezo wa risasi. Kabla ya kuchagua bunduki, achague ramani. Mchezo wa mtandaoni hausimami katikati. Wakala akipiga simu kwamba karatasi zimetoka, ama uwaache wenzako wapungukiwe mtu, ama zamu yako ikupite.

Tazama PUBG Mobile. Ramani ya Erangel ina upana wa kilomita 8 kwa 8, na wachezaji 100. Unaweza kutembea dakika kadhaa bila kuona adui, na mchezo huchukua karibu nusu saa. Livik, iliyotoka mwaka 2020, ni kilomita 2 kwa 2, wachezaji 52, na huisha kwa kama dakika 15. Ukigawa eneo kwa watu, kila mchezaji wa Erangel ana nafasi mara nane ya yule wa Livik. Katika Call of Duty, ramani ya Shipment ni uwanja mdogo wa makontena. Ukiingia tu, risasi zinakufikia.

Lakini ukubwa si kila kitu. Dust II, aliyoichora Dave Johnston mwaka 2001 kwa ajili ya Counter-Strike, ni ndogo, ila watu huvizia na kupiga hesabu. Milango myembamba huwapunguza mwendo wanaopita, na njia za pembeni huwalazimu walinzi kugawanyika.

Hilo mfanyabiashara wa Busia haelezwi mara mbili. Zamani lori lilikaguliwa pande zote mbili. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi Februari 2018, hukaguliwa upande linakoingia tu. Barabara haikufupishwa, vizuizi ndivyo vilivyopungua. Na mlango mkuu ukikwama, wapo wanaokimbilia njia za panya. Kwenye simu huo ni ujanja, na ukishindwa unaanza upya. Mpakani unaweza kupoteza mzigo wote.

Basi pima muda ulio nao. Foleni ikisogea, cheza ramani ndogo, au weka simu mfukoni ulinde bando na nafasi yako. Erangel iache hadi jioni, ukishapata pa kulala Tororo na mzigo uko salama.