Urekebishaji wa Kipunguzi cha Ingizo katika Osiloskopu ya Tektronix 465

Osiloskopu ya Tektronix 465, iliyoingia sokoni mwaka 1972, bado hutumika katika maabara zisizomudu chombo kipya. Hupima masafa hadi megahezi 100, na kosa lake la kipimo cha wima halitarajiwi kuzidi asilimia 3. Makala haya yanaeleza namna kipunguzi chake cha ingizo kinavyoweza kuuvuka mpaka huo pasipo dalili. Vipimo vya awali vya utafiti wangu, vya mipigo ya umeme ya mikrosekunde chache, vililazimika kuondolewa katika tasnifu baada ya kubainika kuwa mpigo uleule ulitoa kimo tofauti swichi ya volti ilipohamishwa ngazi. Betri iliyopimwa katika ngazi hizohizo ilisomeka sawasawa.

Ingizo la chombo hiki lina ukinzani wa megaomu 1 sambamba na kapasitansi ya takriban pikofaradi 20. Tuchukue mfano wa kigawanyo cha moja kwa kumi: rezista ya kiloomu 900 juu, na ukinzani wa jumla wa kiloomu 100 chini. Mkondo mnyoofu hugawanywa na rezista. Masafa yanapopanda, kazi hiyo huhamia kwa kapasita zilizo sambamba nazo. Ili uwiano usibadilike, zao la ukinzani na kapasitansi la upande wa juu halina budi kulingana na la upande wa chini. Pikofaradi 20 juu na 180 chini hutoa mikrosekunde 18 kila upande. Ya juu ikizidi kwa pikofaradi 1 tu, uwiano wa masafa ya juu huwa 21 kwa 201, yaani kosa la asilimia 4.5. Betri haiwezi kulifichua.

Kinachofichua ni wimbi la mraba la kilohezi 1 lenye kingo kali na kilele bapa. Nusu ya wimbi hudumu mikrosekunde 500, muda unaotosha kuona mkia wa mikrosekunde 18 ukififia. Kona ikichomoza, kapasita ya juu imezidi; ikiviringika, imepungua. Chombo kiwashwe kwanza hadi kipate joto la kawaida, vikingio vya chuma vibaki mahali pake, na bisibisi iwe ya plastiki, kwa kuwa ya chuma huongeza kapasitansi yake yenyewe. Ndani kuna umeme wa kilovolti kadhaa. Hapa ujasiri hauna nafasi.

Kona ikishanyooka, kazi haijaisha. Kila ngazi ya kipunguzi ina kapasita ya pili ya kurekebishwa, iliyounganishwa moja kwa moja kati ya ingizo na ardhi. Hiyo haigusi uwiano. Huifanya kapasitansi ya ingizo ifanane katika ngazi zote, ili probu ya mara kumi iliyorekebishwa katika ngazi moja isipotoke katika nyingine. Katika mfano wetu, pikofaradi 20 na 180 zikifuatana hutoa 18, hivyo kapasita hii huongeza 2 zilizosalia. Hurekebishwa baada ya ile ya kwanza kwa sababu ile ya kwanza nayo hubadili kapasitansi ya ingizo. Kisanduku chenye rezista ya megaomu 1 na kapasita ya takriban pikofaradi 20 sambamba huwekwa kati ya jenereta na ingizo, hulinganishwa katika ngazi isiyo na kipunguzi, kisha hakiguswi tena.

Utaratibu huu huanza na picha ya wimbi katika kila ngazi kabla ya skurubu yoyote kuzungushwa. Mimi sikuipiga. Kama ningejua kona ilichomoza kwa kiasi gani, vipimo vya zamani vingeweza kusahihishwa kwa hesabu. Lakini kosa hili hutegemea urefu wa mpigo, na hali ya awali ya kipunguzi ilipotea niliposhika bisibisi. Vipimo vilivyomo katika tasnifu ni vile vilivyorudiwa upya.