USIMWAHIDI MTEJA NAFASI YA KWANZA

Wewe uliye darasani, fungua daftari lako, na uyafuate maandishi haya kwa kidole. Neno letu la leo ni AHADI. Lisome polepole: a-ha-di. Sasa lisome kwa pamoja: ahadi.

Siku hizi iko kazi mpya mijini. Mtu mwenye duka au karakana huwa na tovuti, yaani kurasa zake katika intaneti. Mtu mwingine hulipwa ili azitengeneze kurasa hizo vizuri, wateja wakitafuta kitu katika Google wazione upesi. Ni kazi halali, lakini ina mtego wake. Mtego huo ni ahadi.

Tuseme kazi hiyo ni yako. Anakujia mzee mmoja, fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Anasema: “Mwanangu, watu siku hizi wanatafuta vitanda kwa simu. Nataka wakitafuta, jina langu litokee la kwanza. Fedha hizi hapa. Je, mwezi ujao nitakuwa wa kwanza?”

Utamjibu nini? Fedha unazihitaji, na ni rahisi kusema, “Ndiyo, mzee, bila shaka.” Ngoja kwanza! Fedha hizo alikuwa anunulie mbao. Akikupa wewe, na wateja wasije, hana mbao wala hana wateja.

Sasa tuangalie jinsi Google inavyofanya kazi. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1998 huko California, Marekani, na Larry Page na Sergey Brin. Programu zake hupita usiku na mchana zikisoma kurasa za intaneti. Yaliyosomwa huwekwa katika faharasa kubwa, kama ile orodha ya maneno iliyo mwisho wa kitabu. Mtu akiuliza jambo, Google huchagua kurasa inazoona zinamfaa, na kuzipanga. Mtu wa Mwanza na mtu wa Dar es Salaam wakiuliza neno lile lile, huenda wasipate mpango ule ule.

Basi, nani anayepanga? Si wewe, wala si seremala. Ni Google. Nao wenyewe wamesema wazi kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza. Tena hawapokei fedha ili kumpandisha mtu katika majibu ya kawaida. Yako matangazo ya kulipia, lakini hayo yana alama yake, na malipo yakikoma tangazo huondoka.

Na muda je? Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba mara nyingi kazi hii huchukua miezi 4 hadi mwaka mmoja kabla ya faida kuonekana. Hayo ni kama shamba. Ukipanda leo, huvuni kesho.

Wako wanaotaka kuvuna kesho. Sikiliza habari hii. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza habari za J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Kurasa zake zilikuwa zikitokea za kwanza kwa bidhaa nyingi. Sababu? Tovuti nyingi ngeni, zisizohusu biashara hiyo, zilikuwa zimewekwa viungo vya kuielekeza Google kwake, ili idhani kwamba duka linasifiwa na watu wengi. Google ilipogundua, iliishusha. Kwa mizigo ya safari ya Samsonite, duka lilitoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa muda wa saa chache. Kampuni ilisema haikujua habari ya viungo hivyo, ikawafukuza waliokuwa wakiifanyia kazi hiyo. Duka kubwa huweza kuvumilia anguko kama hilo. Je, seremala wetu ataweza?

Basi mjibu mzee hivi: “Mzee wangu, shikamoo. Nafasi ya kwanza siwezi kukuahidi, maana haimo mkononi mwangu. Lakini kazi yangu naweza kukuahidi.” Kisha mwandikie katika karatasi mambo haya manne:

1. Kazi nitakayofanya. Nitaandika karakana yako katika ramani ya Google, jambo ambalo Google hailitozi fedha. Nitatia picha za vitanda vyako, bei, na namba ya simu.

2. Muda. Tutangoje miezi 6, ndipo tupime.

3. Kipimo. Kila mwisho wa mwezi tutahesabu simu ulizopigiwa na vitanda vilivyouzwa kwa njia hiyo. Kuwa wa kwanza bila kuuza kitanda ni bure.

4. Malipo. Kiasi gani, lini, na jinsi ya kuachana kama hujaridhika.

Msomee karatasi hiyo kwa sauti. Muulize, “Mzee, umeelewa nini?” Mwache aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo utakapojua kama mmeelewana. Kisha kila mmoja atie sahihi na kubaki na nakala yake.

Huenda mzee akaondoka, akaenda kwa mwingine anayemwahidi makubwa. Itakuuma. Lakini mwezi ujao hutajificha ukimwona sokoni. Na akirudi, atarudi kwa mtu anayemwamini. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Usikope usichoweza kulipa.

Maswali ya darasani:

1. Nani anayepanga majibu ya Google?
2. Kwa nini J.C. Penney ilishushwa?
3. Andika ahadi moja unayoweza kumpa mteja wako, na moja usiyoweza.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Someni tena nyumbani, na mumsomee jirani. Kwaherini.