Algeria v Austria: Deni la Gijon linahamia Kansas City

KAMA kuna siku ambayo shabiki wa soka anatamani awe na televisheni mbili sebuleni, ni siku ya mwisho ya hatua ya makundi. Mechi mbili zinaanza dakika ileile, viwanja viwili tofauti, na bao linalofungwa kule linamtoa jasho mtu aliyeko huku.

Wengi tumeizoea hali hiyo, tukadhani ndivyo soka lilivyokuwa tangu enzi. Hapana. Utaratibu huu umezaliwa juzi tu, na waliosababisha uzaliwe ni Ujerumani Magharibi na Austria. Aliyelipia gharama ni Algeria.

Sasa tazama ratiba ya Kombe la Dunia 2026. Kundi J lina Argentina, Algeria, Austria na Jordan. Mechi ya mwisho ya Algeria kwenye kundi hilo ni Juni 27, mjini Kansas City, na mpinzani wake ni nani? Austria.

Huo ni usiku wa kuamkia Jumapili kwa huku kwetu. Ni miaka 44 tangu Waalgeria walie, na safari hii wao wenyewe ndio watakuwa uwanjani.

WALIVYOPIGWA NJE YA UWANJA

Mwaka 1982, kule Hispania, Algeria ilikuwa inacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ikapangwa kundi moja na Ujerumani Magharibi, mabingwa wa Ulaya wa wakati huo. Wengi waliona hapo hakuna mechi, ni kuhesabiana mabao tu.

Juni 16, katika uwanja wa El Molinon mjini Gijon, Rabah Madjer akafunga. Karl-Heinz Rummenigge akasawazisha. Haikupita hata dakika mbili, Lakhdar Belloumi akapiga la pili. Algeria 2, Ujerumani Magharibi 1. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika kuifunga timu ya Ulaya katika Kombe la Dunia.

Wakapoteza kwa Austria 2-0, kisha Juni 24 wakaifunga Chile 3-2. Kwenye mechi ile ya Chile walikuwa wakiongoza 3-0 mpaka mapumziko, wakaruhusu mawili kipindi cha pili. Mabao hayo mawili yaliingia kwenye hesabu ya kesho yake.

Kwa sababu kesho yake, Juni 25, ndiyo walikuwa wanacheza Ujerumani na Austria. Algeria ilishamaliza mechi zake zote. Imekaa inasubiri.

Hesabu ilikuwa hivi. Wakati ule ushindi ulikuwa pointi mbili. Austria ilikuwa na pointi 4, Algeria 4, Ujerumani 2. Ujerumani ikitoka sare au ikifungwa, inarudi nyumbani. Ikishinda mabao matatu au zaidi, Austria inatoka na Algeria inapita. Lakini ikishinda kwa tofauti ya bao moja au mawili, majirani wote wawili wanapita na Mwafrika anafungasha virago.

Dakika ya 10, Horst Hrubesch akafunga kwa Ujerumani. Na mpira ukaishia hapo.

Zilizobaki zilikuwa dakika 80 za pasi za nyuma, pasi za pembeni na mpira kurudishwa kwa kipa. Hakuna aliyekaba, hakuna aliyekimbia. Waalgeria waliokuwa jukwaani wakawa wanapunga noti za fedha, maana yake kila mtu aliielewa. Wahispania wakazomea. Mtangazaji wa televisheni ya Austria, Robert Seeger, akawashauri watazamaji wake wazime runinga.

Algeria ikakata rufaa Fifa. Rufaa ikatupwa, kwa kuwa hakukuwa na kanuni iliyovunjwa. Na ukweli ndio huo: hakuna sheria ya soka inayomlazimisha mtu kushambulia.

HAIKUWA MARA YA KWANZA

Miaka minne kabla, Argentina 1978, kulikuwa na kisa kingine. Juni 21, Brazil ilicheza kwanza na Poland, ikashinda 3-1. Baadaye siku hiyohiyo Argentina ikaingia uwanjani dhidi ya Peru ikijua kila kitu: inatakiwa kushinda kwa tofauti ya mabao manne ili icheze fainali.

Ikashinda 6-0. Maneno juu ya mechi ile hayajaisha mpaka leo. Mtu anaweza kubisha kama kulikuwa na mchezo mchafu au la, lakini hawezi kubisha hili: mmoja alifanya mtihani akiwa ameshaona majibu ya mwenzake.

Gijon ndiyo iliyojaza kibaba. Kuanzia Kombe la Dunia la Mexico 1986, mechi za mwisho za kila kundi zikaanza kuchezwa kwa wakati mmoja.

UTAMU WA WAKATI MMOJA

Dawa ile ilileta na burudani ambayo huenda hata waliotunga kanuni hawakuitarajia.

Chukua Qatar, Desemba 1, 2022. Kundi E, Japan wanacheza na Hispania, Ujerumani wanacheza na Costa Rica. Hispania wanaongoza 1-0 mpaka mapumziko, kila mtu anaona mambo yamekwisha. Kipindi cha pili hakijachanganya, Ritsu Doan anasawazisha, halafu Ao Tanaka anafunga la pili, lile ambalo VAR ilisema mpira ulibaki ndani ya mstari kwa milimita 1.88 tu.

Kule kwingine Costa Rica nao wakageuza, 2-1. Kwa kama dakika tatu hivi, msimamo wa kundi ulikuwa unasema Japan na Costa Rica wanapita, Hispania na Ujerumani, mabingwa wa dunia wa 2010 na 2014, wote nje! Mjerumani akasawazisha kisha akashinda 4-2, lakini ushindi ule ulimwokoa Mhispania tu, yeye mwenyewe akapanda ndege.

Kesho yake ikawa zamu ya Kundi H. Korea Kusini wameifunga Ureno 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza la Hwang Hee-chan. Mechi yao imekwisha, lakini hawaondoki uwanjani. Wamekusanyika duara katikati, wanatazama simu, wanasubiri Uruguay na Ghana wamalize.

Uruguay wanaongoza 2-0 na wanahitaji bao moja tu. Ghana wameshatolewa kwa hesabu, lakini wanazuia kama wanatetea kombe. Mghana yeyote atakwambia kwa nini: 2010, mkono wa Luis Suarez kwenye mstari wa goli. Filimbi ikapulizwa, Suarez akalia benchi, Wakorea wakaanza kukimbia uwanja mzima.

Msisimko huo hauwezi kupatikana kama mechi moja inachezwa leo na nyingine kesho.

HATA HIVYO, WAJANJA HAWAISHI

Kucheza kwa wakati mmoja hakujaua hesabu, kumeongeza hatari yake tu.

Urusi 2018, Juni 28. Japan wanafungwa 1-0 na Poland, Senegal wanafungwa 1-0 na Colombia. Japan na Senegal wako sawa kwa pointi, sawa kwa mabao, na walipokutana walitoka 2-2. Kilichobaki kuwatenganisha ni kadi za njano: Japan nne, Senegal sita.

Dakika za mwisho Japan, wakiwa nyuma kwa bao moja, wakaanza kupigiana pasi kwenye nusu yao. Timu inafungwa na inapoteza muda! Uwanja mzima ukawazomea. Ikaisha hivyo, na Senegal ya Aliou Cisse ikawa timu ya kwanza kutolewa Kombe la Dunia kwa kigezo cha kadi.

Lakini kuna tofauti kubwa na Gijon. Japan walikuwa wanacheza kamari. Bao moja tu la Senegal kule Samara lingewarudisha Tokyo. Wajerumani na Waaustria hawakuwa na hatari yoyote, mtu wa tatu alikuwa ameshatoka chumbani.

MLANGO WA UANI

Sasa njoo kwenye tatizo la leo. Mashindano mengi yameongeza timu, na yanachukua hata walioshika nafasi ya tatu, wale ambao mtaani tunawaita 'best looser'. Hapo ndipo dawa ya 1986 inapoishiwa nguvu.

Mechi mbili za kundi moja zinachezwa pamoja, sawa. Lakini mshindi wa tatu hashindani na wa kundi lake tu, anashindana na wa tatu wa makundi mengine. Na makundi hayamalizi siku moja. Wa kwanza kumaliza anabaki anasubiri, kama Algeria ya 1982.

Harambee Stars wanalijua hilo. Afcon 2019 kule Misri waliifunga Taifa Stars 3-2, wakawa na pointi 3. Lakini walipigwa 2-0 na Algeria na 3-0 na Senegal, wakamaliza na deni la mabao manne. Wakakaa kusubiri makundi mengine. Benin, ambayo haikushinda hata mechi moja, ikapata sare tatu na ikapita kwa kuwa haikuwa na deni la bao.

Halafu ikaja zamu yetu, na safari hii upepo ulivuma upande wetu.

Afcon 2025, Morocco. Taifa Stars wamefungwa 2-1 na Nigeria, wametoka 1-1 na Uganda. Pointi moja mkononi. Desemba 29, Angola wakamaliza mechi zao za Kundi B kwa sare ya 0-0 na Misri: pointi 2, wamefunga mabao 2, wamefungwa 3.

Kesho yake Stars wakaingia Rabat kucheza na Tunisia, karatasi ya majibu iko mfukoni. Sare ya 0-0 ingewafanya walingane na Angola kwa kila kitu: pointi 2, mabao 2 kwa 3. Sare yenye mabao ingewavusha. Na Tunisia wenyewe sare iliwatosha kushika nafasi ya pili.

Tunisia wakatangulia kwa penalti ya Ismael Gharbi. Mapema kipindi cha pili Feisal Salum 'Fei Toto' akasawazisha. Ikaisha 1-1, na Tanzania ikaingia hatua ya mtoano ya Afcon kwa mara ya kwanza katika historia, kwa pointi 2 na bao moja zaidi ya Angola.

Hakuna aliyepanga kitu pale. Stars walitoka nyuma, wakapigania bao lao. Furaha ile tuliistahili, na hata kipigo cha 1-0 kutoka kwa Morocco kwenye 16 bora hakikuifuta.

Ila tuseme na ukweli. Angola usiku ule walikuwa wamekaa wanatazama, hawana la kufanya. Sisi tulijua tunachohitaji, wao walicheza gizani. Ratiba ingegeuka, leo sisi ndio tungekuwa tunalalamika, na tungekuwa na haki.

KIGALI WALIONA NUSU

Fifa hawajafumba macho kabisa. Mpango wao wa mwanzo kwa Kombe la Dunia la timu 48 ulikuwa makundi 16 ya timu tatu tatu. Maana yake kila kundi lingekuwa na timu moja imekaa nje siku ya mwisho. Gijon mara 16!

Machi 2023, Baraza la Fifa lilipokutana Kigali, mpango huo ukatupwa. Ikaamuliwa makundi 12 ya timu nne, mechi 104, wawili wa juu wanapita pamoja na washindi wa tatu bora nane.

Ni hatua nzuri, lakini ni nusu ya kazi. Wa tatu nane kati ya 12 ni theluthi mbili, uwiano uleule wa Afcon na Euro ya timu 24, ambako wanachukuliwa wanne kati ya sita. Na kwenye Euro tatu za mfumo huo, 2016, 2020 na 2024, hakuna timu iliyoshika nafasi ya tatu kwa pointi 4 ikaachwa.

Sasa piga hesabu ya Kundi J. Algeria na Austria wakifika Kansas City kila mmoja ana pointi 3, sare itawapa 4 kila mmoja. Na Kundi J ni miongoni mwa yanayofunga dimba, siku ya mwisho kabisa ya hatua ya makundi. Watakuwa wanajua ni wa tatu gani wanasubiri, na wana pointi ngapi na mabao mangapi.

Je, Algeria watakubali sare ya kirafiki na Austria, huku nchi nyingine imekaa hotelini inatazama? Nchi hiyo inaweza hata kuwa ya Afrika.

Kisoka, kocha yeyote mwenye akili atachukua pointi inayomvusha. Hilo huwezi kumlaumu. Wa kulaumiwa ni anayetunga ratiba inayomfanya mmoja acheze kwa macho na mwingine kwa upofu. Huwezi kuchezesha makundi 12 kwa saa moja, hilo linaeleweka. Lakini unaweza kupunguza idadi ya wanaopita kwa mlango wa uani, au kurudi kwenye mfumo ambao mtu anapita kwa kumzidi aliye kundini mwake.

Algeria walishawahi kukutana na Ujerumani tena, 16 bora ya Brazil 2014, wakafungwa 2-1 baada ya dakika 120 za shughuli. Lile deni walijaribu kulidai kwa miguu. La Austria ndilo limebaki, na kulilipa vizuri kuna njia moja tu: kutafuta bao mpaka filimbi ya mwisho, hata kama sare inatosha.