Karatasi Zinazosema Ninyi ni Familia Moja

Kila likizo ya shule ikikaribia, napigiwa simu na familia za Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani. Wamepata bei nzuri ya meli ya utalii: siku tano kutoka Miami kwenda Bahamas na kurudi, au kutoka Galveston hadi Cozumel, Meksiko. Bibi amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, watoto wameshaambiwa na hawalali kwa furaha. Swali huwa lilelile: “Ni kweli hatuhitaji pasipoti?” Kazi yangu ni kushughulikia karatasi za wahamiaji, na jibu langu siku zote ni swali jingine: anayeuliza ni nani kati yenu? Maana familia moja ya watu sita inaweza kuwa chini ya sheria nne tofauti.

Habari ya “hakuna haja ya pasipoti” ina chanzo chake. Tarehe 1 Juni 2009 Marekani ilianza kudai pasipoti, au hati inayolingana nayo, kwa raia wake wanaorudi kwa bahari au nchi kavu kutoka Kanada, Meksiko, Bermuda na visiwa vya Karibi. Ikaacha mlango mmoja wazi: safari ya meli inayoanza na kuishia katika bandari ileile ya Marekani bila kutoka nje ya eneo hilo. Hapo raia anaweza kurudi kwa kitambulisho cha serikali chenye picha pamoja na uthibitisho wa uraia, yaani cheti cha kuzaliwa au cheti cha uandikishwaji uraia. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 kinatosha cheti cha kuzaliwa peke yake, hata nakala. Meli ikiondoka Miami ikaishia New Orleans, mlango huo umefungwa. Na kuna visiwa, Martinique kwa mfano, vinavyotaka pasipoti kwa sheria zao wenyewe, kwa hiyo soma masharti ya safari yako, usisome ya shemeji yako aliyesafiri mwaka jana.

Zingatia neno raia. Wengi huniletea leseni ya udereva yenye ile nyota kwenye kona wakidhani imemaliza kila kitu. Tangu tarehe 7 Mei 2025 nyota hiyo ndiyo inayotakiwa kwa mwenye kupanda ndege za ndani kwa leseni, lakini haisemi kwamba wewe ni raia. Hata mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anaipata. Majimbo matano tu, Minnesota, Washington, New York, Michigan na Vermont, hutoa leseni ya daraja la juu inayothibitisha uraia na kukubalika bandarini. Ndugu zetu wa Minneapolis na Seattle wanaweza kuiomba.

Sasa cheti cha kuzaliwa chenyewe. Hospitali za Marekani huwapa wazazi karatasi nzuri yenye nyayo ndogo za mtoto kwa wino mweusi, jina la hospitali kwa herufi za mapambo, pengine na saini ya daktari. Wazazi huitia kwenye fremu. Karatasi hiyo ni kumbukumbu tu. Cheti kinachotambulika hutolewa na ofisi ya usajili ya jimbo, wilaya au mji, na kina muhuri wake. Aliyezaa Tanzania analielewa jambo hili haraka nikimkumbusha tangazo la kizazi: ukitoka wodini unapewa tangazo, lakini cheti unakifuata RITA, kwa wakala wa usajili. Kenya nako karatasi ya taarifa ya kuzaliwa siyo cheti.

Kuna kosa ambalo huwa linaniumiza, kwa sababu wanaolifanya ni wazazi makini wenye karatasi zote. Baba amekula kiapo cha uraia wa Marekani. Binti yake wa miaka 11, aliyezaliwa Kigoma na kuja na kadi ya kijani, amekuwa raia siku hiyohiyo bila kuapa, kwa sheria ya uraia wa watoto iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Sheria hiyo inamhusu mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi aliye raia. Baba anasoma kwamba mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa tu, anachukua cheti cha Tanzania, wanaondoka. Lakini cheti hicho kinathibitisha kwamba mtoto alizaliwa Kigoma, hakithibitishi kwamba ni raia wa Marekani. Uraia wake ni wa kweli, ila hauna karatasi ya kuusemea. Mtoto wa namna hii anahitaji pasipoti ya Marekani au cheti chake mwenyewe cha uraia. Nawaambia hivyo pia Wakongomani waliopata watoto katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuhamishiwa huku: uraia ukishapatikana, mwombeeni mtoto pasipoti mapema.

Nije kwenye majina, maana hapa ndipo familia zetu zinapokwama hata zikiwa na pasipoti zote.

Kwetu mtoto hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake. Mama naye, hasa watu wa pwani, hubaki na jina la baba yake hata akiolewa. Tuseme mama ni Rehema Juma Kombo, mumewe ni Hamisi Ali Faki, na binti yao ni Zuhura Hamisi Ali. Ofisi za Marekani huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Ndani ya kompyuta ya meli, basi, mama ni Kombo, baba ni Faki, mtoto ni Ali. Mtu wa Unguja au Lamu akiyasoma majina hayo anaiona familia nzima papo hapo. Karani wa bandari anaona watu watatu wasiohusiana, na mmoja wao ni mtoto mdogo. Simlaumu, kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtoto anayevushwa mpaka bila ridhaa ya wazazi wake.

Nimewahi kusimama nyuma ya mama wa aina hiyo kwenye bandari moja ya Florida. Alikuwa na mwanawe wa miaka saba. Baba alikuwa kazini jimbo jingine. Pasipoti mbili safi, majina mawili tofauti. Akaulizwa, kwa upole, mtoto huyu ni nani kwako? Mama akajibu, “Ni mwanangu,” akakosa la kuongeza, kwa sababu pasipoti ya Marekani haiandiki majina ya wazazi. Mtoto alikuwa amemshika mama yake kidole, ameshavaa maboya ya mikononi tayari kwa bwawa la melini. Walisogezwa pembeni mpaka baba alipopatikana kwa simu na kutuma picha ya cheti cha kuzaliwa. Kilichowapandisha melini ni karatasi iliyobaki kwenye droo nyumbani.

Kwa hiyo pasipoti iwepo au isiwepo, beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kwa sababu ndicho kinachotaja mama na baba pamoja. Mama aliyebadili jina alipoapa uraia abebe cheti cha ndoa au cheti cha uraia kinachoonyesha badiliko hilo. Kama hati ni ya Kiswahili au ya Kifaransa, iambatane na tafsiri ya Kiingereza. Na tiketi iandikwe jina kama lilivyo kwenye hati utakayoonyesha, herufi kwa herufi: Khamis wa kwenye tiketi na Hamisi wa kwenye pasipoti ni watu wawili mbele ya mashine.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na bibi na babu, andaa barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo. Iseme mtoto ni nani, anasafiri na nani, kwenda wapi, tarehe gani, na simu ya mzazi, kisha isainiwe mbele ya mthibitishaji wa hati. Idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani, CBP, inaishauri barua hii. Mzazi mwenzako akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Kama mahakama imekupa malezi peke yako, beba hukumu.

Na bibi kutoka Tanga? Yeye lazima awe na pasipoti ya Tanzania, na fungua ukurasa wa viza yake utazame palipoandikwa idadi ya kuingia. Herufi M maana yake ni mara nyingi. Ukiona tarakimu 1, bibi abaki nyumbani, kwa kuwa meli ikitia nanga Nassau, Bahamas, amekwisha kutoka Marekani na ile mara moja ameitumia. Mwenye kadi ya kijani hurudi kwa kadi hiyo, lakini abebe na pasipoti ya nchi yake na aulize kila nchi meli itakapotia nanga kama inamdai viza. Meksiko haimdai. Kwa anayesubiri kadi ya kijani au hukumu ya ukimbizi, neno langu ni moja: usipande bila kibali cha kusafiri na ushauri wa wakili, kwani kutoka bila kibali kunaweza kuhesabiwa kwamba umeliacha ombi lako.

Raia wanaoruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa, mimi bado nawashauri wachukue pasipoti kitabu. Cheti hakipandi ndege ya kimataifa, wala ile kadi ndogo ya pasipoti haipandi, ingawa inatosha baharini. Mtoto akishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo Cozumel na kufanyiwa upasuaji, meli haitawasubiri. Mtarudi kwa ndege, na kabla ya hapo mtahangaika na ubalozi mkiwa na mgonjwa.

Kama mmeamua kuomba pasipoti, anzeni na za watoto. Za walio chini ya miaka 16 huwataka wazazi wote wawili wafike pamoja na mtoto, au asiyefika asaini fomu ya DS-3053 mbele ya mthibitishaji, na hudumu miaka 5 tu badala ya 10 za mtu mzima. Majibu huchukua wiki kadhaa. Basi leo jioni, kabla hamjalipia chumba cha meli, tandazeni pasipoti za watoto mezani na msome tarehe za mwisho.